Ufaransa kwa Miguu, Bila Kutoka Dubai

Jumanne, 1 Desemba 2015

...na kwa hivyo, kama nilivyokuwa nikieleza jana kabla Jaafar wangu hajarudi na mishikaki nikasahau kila kitu, kosa si langu. Kosa ni la Muna. Binamu mzima anakuja kwenye hina yangu Mombasa, na hana hadithi ila fungate yake ya Istanbul! Wanawake wote wa ukoo wamekaa kumsikiliza. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwamba Jaafar atanipeleka Ufaransa. Kutembea kwa miguu. Mashambani. Na marafiki. Picha hiyo niliiona kwenye kalenda ya benki.

Sasa nimeolewa, niko Dubai, na mume mzuri kuliko wote walioumbwa. Anauza viungo dukani Al Ras na hurudi nyumbani akinukia iliki. (Nanusa kola yake kabla ya kuifua. Siku nyingine siifui.) Arbab wake, yaani mwenye duka, amempa ruhusa ya sikukuu ya taifa mpaka Jumamosi. Ufaransa haimo. Na Muna kila kukicha anauliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: vipi, ndege bado?

Anayenitia hofu hasa ni bibi yangu, Bibi Ghania. Wajomba walipomkataa Jaafar, eti anauza katika duka lisilo lake, Bibi peke yake ndiye aliyesema mpeni mtoto wa watu mke. Nikiumbuka mimi, ameumbuka Bibi.

Lakini nina akili! Kuna International City hapa, ambako mitaa ina majina ya nchi, na mmoja ni Ufaransa. Leo tumeutembea wote: mimi, Jaafar, rafiki yangu Frida na mumewe Elias, Watanzania wa Al Quoz. Elias huendesha basi la kampuni mwaka mzima. Amesema hakujua likizo maana yake ni kunyang'anywa usukani. Jaafar sikumwambia habari za kundi. Anadhani napenda kutembea. Amenishika mkono kutoka jengo la kwanza hadi la mwisho!

Elias ameuliza, shemeji, Ufaransa gani hii, kila kona harufu ya biriani? Nimempuuza. Picha zimekwenda. Nimeandika: tumefika salama, alhamdulillahi.

Jumatano, 2 Desemba

Muna amejibu alfajiri. Anauliza, Desemba hii Wafaransa wanavaa dera?

Dera! Baridi niliisahau kabisa.

Frida ameniokoa. Ana makoti mawili ya sufu aliyopewa na madam anayemfanyia kazi, anayatunza ayapeleke kwao Bukoba. Nimemwambia Jaafar ni ya picha za kumbukumbu. Akasema, ukipenda wewe nimependa mimi. Akafunga vifungo vyote. Adhuhuri, juani! Jasho likamtiririka hadi kidevuni, naye anatabasamu tu. Nani mwingine duniani ana mume kama huyu?

Yakabaki mashamba. Mashamba sikuyapata, lakini kondoo wapo: soko la mifugo, Al Qusais. Mimi na Jaafar ndani ya makoti, kondoo nyuma yetu, Frida ameshika simu, Elias amesimama kuziba kibao cha Kiarabu. Muuza kondoo akadhani tuna homa, akatuletea maji. Picha ya ajabu kwa uzuri! Nimeandika: mashambani, pamoja na wenyeji wetu.

Jioni Bibi, ambaye hasemi kitu kundini, ametuma sauti. Anasema yule kondoo mwenye kichwa cheusi na mkia wa mafuta ni wa Kisomali, yeye anawapika kila Idi tangu usichana wake. Anauliza amefikaje Ufaransa.

Nimejibu: kwa meli, Bibi.

Alhamisi, 3 Desemba

Malengelenge, miguu yote miwili. Jaafar amenikanda kwa maji ya chumvi, akavipuliza vidole kimoja kimoja. Nilitamani miguu ingekuwa mingi.

Uamuzi: picha basi. Picha zinasema mno. Leo sauti! Tumekwenda Al Jaddaf, mahali penye nyasi karibu na maji, magari mbali. Jua linazama, Jaafar na Elias wamekwenda kununua chai. Nikashika simu, nikasema kwa sauti laini kabisa: sikilizeni, ndugu zangu, kimya cha mashamba ya Ufaransa.

Kimya kikajibu Allahu Akbar. Msikiti wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha wa nyuma yetu, wenye spika mpya. Na kidole kilikuwa kimeshatuma!

Elias ametangulia kurudi, Jaafar bado yuko kwenye chai, Frida akamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini. Amesema, hongera shemeji, Ufaransa imesilimu.

Muna: mashallah, misikiti mitatu shamba moja? Nikajibu upesi kwamba ni simu ya Jaafar, inaadhini yenyewe. Nikajiona nimevuka. Ndipo akaingia Bibi. Anasema Mombasa bado ni alasiri, na huko Ufaransa jua liko juu zaidi. Simu gani hiyo inaadhini magharibi saa hizi? Ina maana tangu Jumanne mnasali magharibi mchana kweupe? Zilipeni sala zote! Na yeye kesho anakwenda kwa maalim kuuliza zinalipwaje.

Bibi na magoti yale! Anapanda ngazi za madrasa kwa ajili ya sala ambazo nimezisali kwa wakati wake, zote! Sikuweza kula. Jaafar alidhani ni malengelenge.

Ijumaa, 4 Desemba

Bibi amempigia Jaafar. Moja kwa moja! Tulikuwa soko la samaki, Deira. Niliusikia upande mmoja tu. Shikamoo Bibi. Ufaransa? Ufaransa ipi, Bibi? Tuko Deira, tunachagua changu. Koti? Ee, joto kali sana. Nililivaa kwa kuwa Rumaisa alipenda.

Nilitaka ardhi inimeze pale pale, na magamba yote.

Akanipa simu. Bibi anacheka! Amejua tangu kondoo. Kwa maalim hakwenda. Alikuwa akingoja nikiri mwenyewe, akachoka. Lakini mwanamume anayefunga vifungo vya koti Dubai ili mkewe afurahi, amesema, basi hakukosea kumchagua, na wajomba ameshawaambia hivyo. Kundini ameandika kwamba kondoo wa Kisomali wamefika kila mahali na mjadala umefungwa. Sharti moja tu: niende Mombasa, nimwambie Muna ukweli kwa mdomo wangu.

Jaafar hakukasirika. Njia nzima nilimweleza yote, tangu hina. Mlangoni akauliza, nani alikwambia mimi naona haya kuuza iliki? Waambie hivyo hivyo, mume wangu anauza iliki Al Ras, na likizo yake yote alitembea na mimi.

Nimelia mpaka samaki wakaungua. Ameula mkaa wote, akasema mtamu. Nimeapa mbele yake: uongo khalas!

Jumamosi, 5 Desemba

Asubuhi njema. Moyo mwepesi. Jaafar amelala, mkono wake mmoja bado uko kwenye mto wangu.

Muna ameweka picha ya fungate yake. Istanbul, theluji, miwani myeusi. Ameandika: kwa wale wasioijua theluji.

Vidole vikaniwasha. Nikajizuia. Nikainuka nikachemsha chai. Nikajizuia tena.

Hapa Dubai kuna mall yenye theluji humo humo ndani. Theluji ya kweli! Na ndani ya mall kondoo hawaingii. Nimempigia Frida kumwomba makoti yasiende Bukoba kwanza. Ameguna, lakini amekubali.

Bibi nimemwahidi, na ahadi hii ni ya kweli kabisa. Kundini nako nimeandika, ili Muna ajiandae: kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, mimi na Jaafar wangu tutabisha hodi Mombasa. Tutapitia Uswisi.