Kuhusu Rafu Namba Moja na Koti Langu

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Madobi, Gerezani,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi Kasmir wa Kariakoo nina miaka sabini na tisa. Mjerumani nimemwona akiondoka, Mwingereza nimemwona akiondoka, na madaktari wawili walionikataza nyama nimewazika mimi. Kwa hiyo nikilalamika, ujue nalalamika kwa uzoefu.

Zamani dobi wenu Zahoro akikuona tu anajua koti lako ni lipi. Sasa mmemleta kijana Wilbert, katoka ofisi yenye kompyuta, naye kaja na mpango wa huko. A ni moja, B ni mbili, mpaka Z. Anajumlisha herufi za jina lako, anashika tarakimu ya mwisho tu, na hiyo ndiyo rafu yako, sifuri hadi tisa. Hatafuti, anakwenda moja kwa moja. Kasmir ni sabini na moja, basi rafu namba moja. Nilifurahi. Nikasema kumbe kompyuta inatambua watu.

Lakini:

1. Harilal muuza vitambaa ni sitini na moja. Bi Anjana, arobaini na moja. Hasmukh fundi saa, themanini na moja. Wote rafu yangu! Ujamaa naupenda na kadi ya chama ninayo, ila sijasikia popote kwamba umefika kwenye makoti.

2. Vikaratasi vya majina Wilbert kavikataa, eti vinachelewesha. Anachukua nguo ya juu. Haraka ni haraka kweli, sikatai: Jumamosi nilipewa koti la Harilal kabla sijamaliza kuitikia marahaba. Nilipogomba akasema, "Babu, mpango haukosei. Majina yenu ndiyo yamegongana."

3. Nikamwambia anihesabu na heshima yangu, Mzee Kasmir. Akajumlisha, nikaangukia sifuri! Rafu ya chini kabisa, pamoja na mapazia ya Severa wa hoteli. Yaani mimi na heshima yangu ni pungufu kuliko mimi peke yangu. Nikamwamuru alihesabu jina kuanzia nyuma. Moja. Nikalitamka kwa sauti mpaka fundi baiskeli wa jirani akatoka nje. Moja vilevile. Hesabu gani hii isiyo na adabu?

4. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili wazee wa upande wa kijana walikuja kumposa mjukuu wangu Winifrida, na msemaji wa ukoo ni mimi. Harilal ni mwembamba kama ufito. Koti lake lilinibana, mikono hainyanyuki, na nikivuta pumzi niseme, kifungo kinalia. Nikakaa kimya alasiri nzima, mimi! Hotuba yangu, yenye vita yote ya Mjerumani, imebaki tumboni. Posa hii ikivunjika kama zile mbili za kwanza, ni juu yenu.

Kwa hiyo naomba Harilal, Anjana na Hasmukh wabadilishe majina. (Harilal nimeshamwambia. Kacheka, kasema nianze mimi mkubwa.) Wakikataa, herufi K ipewe namba kubwa kupita zote. Ikishindikana, kwa kuwa watu wanahamishiwa vijijini, Serikali iyahamishe na majina, kila moja na rafu yake, na Kasmir libaki mjini.

Nisalimie kamati nzima, wapiga pasi wote, na Zahoro zaidi. Haya niliyoandika mke wangu Agnesi aliyaona, Harilal anayajua, na kile kifungo ninacho, kiliruka wageni walipoaga.

Wako katika kujenga taifa, ila bila koti,
Kasmir

Nyongeza: Wazee wa kijana wameleta jibu sasa hivi. Wamekubali! Wanasema hawajapata kuona babu mtulivu namna ile. Agnesi anadai wale wawili wa kwanza walikimbizwa na hotuba yangu. Mimi nakataa. Hata hivyo harusi ni mwezi ujao, na Agnesi kanituma niombe mpango usiguswe kabisa, na siku hiyo Wilbert anipe koti lilelile. Harilal hana neno. Langu, anasema, linamtosha yeye na Hasmukh kwa pamoja.