Taarifa ya Mtambo wa Kupasua Maji, Bloku C

Mheshimiwa Mlezi wa Umoja wa Wana Afrika Mashariki wa kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, hapa Dubai, ambaye ametuma salamu, ndugu foremani, ndugu madereva wa basi la kampuni, dada zetu mliopewa ruhusa na madam zenu, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna biriani: itifaki imezingatiwa. (Kicheko.)

Mimi Ignatius, Mwenyekiti wenu wa Nishati Mbadala kwa awamu ya tatu mfululizo, nasimama mbele yenu mwaka huu wa 2014 kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wameusifu, kutoa taarifa ya utekelezaji wa mradi wa kimkakati wa kuyapasua maji kwa umeme ili tupate gesi ya haidrojeni, tupikie, na foleni ya jikoni iwe khalas, imekwisha. (Makofi.)

Kitaalamu, na naomba msiogope, mtambo ni ndoo, maji yenye magadi, vipande viwili vya chuma, na pawa saplai ya kompyuta chakavu. Ndiyo maana kamati, baada ya upembuzi yakinifu na chai, iliazimia kuichukua kompyuta ya ndugu Swaibu ikafunguliwe kwa maslahi mapana ya bloku. (Swaibu anasimama: "Mwenyekiti, si chakavu ile. Leo Ijumaa ya nne binti yangu Bukoba hajaniona kwa video. Nirudishie.") Tulia, kaka. Maendeleo yanataka watu wa kujitoa, na wewe tumekutoa vizuri sana. (Kicheko. Swaibu hacheki.)

Takwimu zinaongea. Mapovu yameongezeka kwa asilimia mia nne ukilinganisha na kipindi ambacho hatukuwa na mapovu kabisa. Picha mmeiona WhatsApp, mimi nikiwa na kofia ngumu. Pale wengine wanaposema inshallah, kamati yangu inasema tayari. (Sauti: "Mtambo wenyewe uko wapi?") Uko katika hatua. (Minong'ono.)

Kwa hiyo semeni nami: Maji ni moto. (Moto, kwa uvivu.) Ndoo juu. (Juu.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Pius wa jikoni, aliyemimina siki kwenye magadi tukapata mapovu ya kupigia picha. Namshukuru Wilbard, aliyeshika waya usiokwenda popote. Na kipekee ndugu Swaibu: kompyuta yako haijaguswa hata skrubu, iko chumbani kwangu, na mwanangu kule Songea kila Ijumaa ananiona bila kukatakata. Ahsanteni sana. Mniwie radhi nikimbie, saa yake imefika.