Kompyuta Iliyopewa Jina Langu

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Kompyuta imepewa jina langu! Paskazia! Ofisini kwa mwanangu Violeth. Mimi niliyeishia darasa la nne! Seva za databesi, zinazotunza mafaili ya watu, ni mbili: Kongwa inalelewa na Abbasi, mfanyakazi mwenzake, Mtera inalelewa na Violeth wangu. Ya tatu ni tarishi. Inapokea ujumbe wa hizo mbili, inaupeleka kwa bosi, Bwana Fabian. Tarishi ndiye mimi. Nilibembeleza wiki tatu. Ijumaa anathibitishwa kazini mmoja tu, Violeth au Abbasi. Ndugu wa Mpwapwa nimeshawaalika kwenye sherehe.

Jumanne, 5 Agosti
Balaa. Bosi kapata ujumbe: "Paskazia: diski inakufa." Violeth anasema tarishi hutia jina lake juu, hivyo haijulikani mgonjwa ni Kongwa au Mtera. Na diski ya akiba ni moja. Mwajabu, mama yake Abbasi, kanikuta bombani. Mbele za watu! Eti pole mama Violeth, nasikia unakufa, wosia umeacha? Wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Nikamjibu mgonjwa ni Kongwa. Kongwa palipowashinda Wazungu wa kikoloni na mashamba yao ya karanga, diski itapaweza?

Jumatano, 6 Agosti
Violeth anasema tarishi ameandika namba ya aliyemtuma, ila lazima apekue maelfu ya mistari. Kesho atajua. Niwe mtulivu. Mtulivu! Nimebeba kikapu cha zabibu hadi kwa bosi. Nikamnong'oneza kuwa Mwajabu mwenyewe kakiri Kongwa iko taabani. Hakukiri. Angekuwa na haya angekiri. Bosi kala zabibu, kaamuru diski iwekwe Kongwa. Raha!

Alhamisi, 7 Agosti
Mtera imekufa. Saa nne asubuhi. Saa nne na robo Violeth kaipata namba: ya Mtera. Mafaili ya mwezi mzima hayapo. Kamuuliza bosi nani alimwambia ni Kongwa. Bosi kajibu: Paskazia. Mwanangu masikini kashinda akipekua kompyuta, anautafuta ujumbe huo. Karudi macho mekundu, haujauona. Nikampakulia ugali na mlenda.

Ijumaa, 8 Agosti
Kathibitishwa Abbasi. Bosi kamweleza Violeth ni Paskazia yupi: yule wa zabibu. Kaingia, shikamoo mama, basi. Mlango kaufunga. Miaka ishirini na minne nimemlea, leo napewa shikamoo kama mpita njia! Mwajabu anapiga vigelegele uani kwake. Uchungu wangu hauelezeki.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimewaza, nimeona kosa. Ni la Mwajabu. Angekiri mapema, mimi nisingemsemea.

Habari njema: inanunuliwa seva mpya. Nimempelekea bosi zabibu, kikapu kikubwa zaidi, na jina nimemwandikia kabisa: Violeth. Violeth mwenyewe hajui, nitamshtukiza. Sherehe siifuti ng'o. Ndugu wa Mpwapwa nimewaambia tunabatiza kompyuta. Hata Mwajabu na Abbasi wake nimewaalika, wakome. Waje wote, Jumapili tarehe 17, baada ya misa.