Kimya cha Mayaka, Kutoka Awendo Hadi Homa Bay

Tegeni masikio, enyi kizazi cha mabweni mliolelewa kwa githeri, niwasimulie habari za Mayaka mwana wa Nyangau, simba wa sauti ya kwanza, aliyevuka nchi nzima bila kutamka neno!

Mila yetu mnaijua: kwaya ya shule ikipanda basi kwenda mashindanoni, huimba njia nzima, madirisha wazi, hadi vumbi liombe msamaha. Ndiyo maana mwaka jana tulifika na makoo yaliyochanika, na kiongozi wa wimbo alipofumbua kinywa mbele ya waamuzi, akatoka chura. Tukavuta mkia.

Safari hii Madam Mellen, malkia wa kwaya, alisimama mlangoni mwa basi akatangaza: "Nyinyi wengine siwawezi. Lakini wewe Mayaka, kiongozi wa wimbo, koo lako ni mali ya shule. Usiimbe, usipige kelele, hata kunong'ona usinong'one, kunaumiza vilevile. Kunywa maji." Akamkabidhi chupa kama sultani akabidhivyo upanga.

Pale Rongo, basi la mahasimu likatujia ubavuni. "Vyura nyinyi! Mwaka huu mmebeba koo ama mmesahau tena?"

Tukawajibu kwa mayowe ya kutikisa miwa. Mayaka akanywa maji.

"Omera, tunatukanwa hivi na wewe unakunywa maji tu?" mwenzetu Benard akalia.

Mayaka akanywa maji.

Ndipo adui wa ndani, ambaye tarikhi hii haioni haja ya kumtaja, akamvua kiatu cha kushoto alipokuwa amesinzia. Shujaa akazinduka, akautazama mguu, mishipa ya shingo ikamsimama kama nyuzi za nyatiti. Basi zima likatulia lisikie mngurumo.

Akaimeza ghadhabu kwa maji.

Jukwaani Homa Bay, akiwa na kiatu kimoja, akafumbua kinywa. Sauti ikatoka safi, ikapanda hadi mabati yakaitikia. Na heri yaliitikia, maana sisi waitikiaji tulikuwa tumebakiwa na mikwaruzo tu.

Tukawa wa pili kutoka mwisho! Madam Mellen akatokwa na machozi, nasi tukambeba shujaa juu juu hadi kwenye basi, ambako kiatu kilionekana chini ya kiti cha mwandishi wa tarikhi hii. Kilifikaje huko, wanahistoria wangali wanabishana.

Lakini ile sauti aliyonifokea Mayaka, enyi wasikilizaji, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.