Malalamiko Kuhusu Soseji Zangu Tamu Kufukizwa Moshi Bila Idhini Yangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti Lai,
Kamati ya Wakazi, Jengo la Saba,
Chengdu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi cha moshi kimekuachia.

Mimi ni Ou Zhaoxiong, fundi wa lifti mstaafu, mzaliwa wa Huangpu kule Zhongshan, mkoani Guangdong. Nilihamia kwa mwanangu Jianhang, ghorofa ya sita, baada ya mke wangu Huijuan kufariki. Unanifahamu, ni yule mzee aliyekuandikia kuhusu lifti inayokoroma. Safari hii jambo ni zito zaidi. Namlalamikia mkwe mwenzangu, Mama Tan Shuzhen, mama mzazi wa mke wa mwanangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja na kugombea naye roshani moja. Wiki iliyopita alizichukua soseji zangu akaenda kuzifukiza moshi. Narudia, ili karani wako asidhani amesoma vibaya: soseji za Guangdong, zilizotiwa sukari na pombe ya mawaridi, zimefukizwa moshi.

Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Kuhusu roshani. Baridi ilipoanza nilitangaza mezani kwamba soseji za Mwaka Mpya safari hii nitazitengeneza mimi, kama za nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuzitengeneza, nami sikuona sababu ya kuwachosha na habari hiyo. Miaka yote ya ndoa yetu alizitengeneza Huijuan. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mlango wa jikoni na kuuliza kama bado. Niliuhesabu huo kuwa uzoefu. Siku niliyoanika zangu, mkwe naye akaanika zake, nyekundu kwa pilipili, pamoja na ile pilipili nyingine ya kwao huku, inayotia mdomo ganzi. Akachagua upande unaopokea upepo. Kwa hiyo upepo ulipita kwake kwanza, na ulipofika kwangu ulikuwa umeshakolezwa. Shati langu jeupe lilipata madoa ya mafuta ambayo nimeyahifadhi kwa ajili ya ukaguzi wenu.

2. Kuhusu jua. Kwetu, upepo mkavu hushuka kutoka kaskazini, jua linawaka, na soseji inasinyaa taratibu hadi inang'aa. Hapa Chengdu jua nimeliona kwa nadra, na kila mara lilikuwa na haraka. Siituhumu Kamati moja kwa moja, ila nauliza ni nani anayehusika. Soseji zangu, badala ya kukauka, zilianza kulowa. Mkwe akaja kuzitazama, mikono nyuma, kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa.

"Mkwe, soseji zako zinatoa jasho."

Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni sukari inakomaa.

"Sukari haioti manyoya," akasema, akaenda zake kumenya vitunguu saumu.

Tangu hapo nilikuwa nikiamka kabla ya wote kuzifuta kwa kitambaa. Nilizipulizia feni. Nilizipulizia pia mashine ya kukaushia nywele ya mke wa mwanangu, Yunqiu, ambaye alikwenda kazini akinukia nyama na hajaniambia neno mpaka leo, ingawa ananitazama.

3. Kuhusu usuluhishi. Ili haki itendeke nilimwita jirani yetu Bwana Guan wa ghorofa ya nne, ambaye ni mtu wa Harbin, kaskazini ya mbali, na kwa hiyo hana upande. Tulimchemshia moja ya mkwe na moja yangu, iliyokuwa imekauka kuliko wenzake. Akala zote mbili, akafuta mdomo, akatoa hukumu ambayo naomba iandikwe kama ilivyo:

"Hii ni peremende, na ile ni dawa ya kung'olea jino. Soseji ni nene, ina vitunguu saumu, inanuka moshi, na unaila na mkate."

Hapo ndipo mkwe alipovuka mipaka. Alimwambia Bwana Guan kwamba kama hajui kula nyama yenye sukari asile, na kwamba mimi mkwe wake nimezihangaikia soseji hizi kuliko watu wengine wanavyohangaikia watoto. Ndugu Mwenyekiti, ni nani aliyempa mamlaka ya kunitetea? Mimi ni mtu wa Huangpu. Hata jirani zetu wa Dongguan, ambao soseji zao ni fupi na nene kama vidole gumba, tunabishana nao wenyewe. Tangu siku hiyo nimeshindwa kumchukia kwa kiwango kinachostahili, na hilo limenivurugia ratiba.

4. Kuhusu kosa lenyewe. Nilikuwa nimelala baada ya chakula cha mchana. Mkwe aliziteremsha soseji zangu zote, akatupa zilizoharibika kabisa, zilizobaki akaziosha kwa pombe kali na kuzibeba hadi kile kibanda ambacho Kamati yenu iliweka uani ili wakazi wasifukizie nyama kwenye roshani. Alipanga foleni. Nasikia alisimama kwenye baridi hadi jioni, maana zamu ya jengo letu ilikuwa mwisho, na alikuja na matawi yake ya msaipresi na maganda yake ya machungwa, hayo ya Kamati hakuyaamini. Wakazi wote waliona soseji za Guangdong zikiingia mle ndani. Nilipoamka nikakuta kamba tupu. Nilidhani ni wezi, nikaona fahari kidogo.

Aliporudi uso umejaa masizi nilimuuliza amefanya nini.

"Nimezinyima kuoza," akasema. "Ulitaka Jianhang ale nini Mwaka Mpya, maelezo?"

5. Kuhusu madhara yaliyofuata. Nilikula moja kama ushahidi. Ushahidi haukunitosha, nikala ya pili. Ilikuwa tamu, halafu ikawa na moshi, halafu ikawa tamu tena, na sikupata mahali pa kuishika ili niilaumu. Usiku ule mwanangu alikata kipande, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Baba," akasema, "hii si ya Mama."

Nikasema najua.

"Lakini sukari ni ile ile. Umeipataje?"

Sikuwa na kipimo cha kumtajia. Nilikuwa nimemimina kwa kukumbuka mkono wa Huijuan ulivyokuwa ukikunja, nikaacha pale ulipokuwa ukiacha. Jianhang alikula sahani nzima, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mkwe alinisogezea kikombe cha chai, akaizima ile televisheni yake, ambayo huwa haizimwi. Nasisitiza kwamba yote haya yamesababishwa na moshi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naiomba Kamati itoe maamuzi yafuatayo. Upepo wa ghorofa ya sita ugawanywe kisheria, nusu kwa nusu. Kibandikwe kibandani kibao kinachokataza soseji tamu zisizoandamana na mwenyewe. Bwana Guan azuiwe kutoa maoni hadi naye aanike kitu. Na Mama Tan Shuzhen ahamishiwe roshani nyingine, iliyo mbali vya kutosha ili nisisikie anavyoguna akitazama kazi yangu. Ikiwa Kamati haina uwezo huo, basi suala lipelekwe wilayani, na wilaya ikishindwa lipelekwe mkoani, ambako nina hakika yupo angalau mtu mmoja kutoka Guangdong.

Nisalimie mama watoto wako, wazee wa meza ya karata pale getini, na yule bwana anayechochea moto kibandani, ambaye naambiwa alizigeuza soseji zangu kwa heshima. Bwana Guan nisalimie pia, lakini kwa kifupi.

Ni mimi mkazi wenu, mgeni wa kuja na mwenyeji wa kulalamika,

Ou Zhaoxiong
Ghorofa ya sita

Tanbihi: Nilipokuwa nafunga bahasha, simu imelia. Mtoto mwingine wa mkwe, wa kiume, anayeishi Mianyang, anataka mama yake akapumzike kwake hadi majira ya joto. Mkwe amekubali. Anasema nyumba imekuwa finyu, na kwamba roshani yote sasa itakuwa yangu. Nimekwenda kuitazama hiyo roshani. Ni kubwa kupita kiasi. Tafadhali yachukulie yote niliyoandika hapo juu kuwa yameandikwa na mtu mwenye njaa. Badala yake naomba Kamati itafute kanuni yoyote, ya afya, ya moto au ya lifti, inayomkataza mkazi aliyefukiza soseji za mwenzake kuondoka jijini kabla hazijaliwa zote. Kama kanuni hiyo haipo, naomba itungwe leo. Mimi mwenyewe siwezi kumwambia abaki. Nimejaribu mara tatu, na kila mara nimejikuta nikimuuliza kama chai bado. Treni yake ni ya kesho asubuhi.