Sauti ya Bibi Ilikatikia Kwenye Pweza

Nawataja waliokuwepo kwanza, ili kesho asitokee mtu huko Konde akasema naye aliona kwa macho yake. Alikuwepo Mwalimu Shaame, mkuu wa chuo chetu hapa Wete. Alikuwepo Injinia Thabit, aliyetoka Unguja kuja kusahihisha miradi ya wanafunzi. Alikuwepo mdogo wangu Raya, ambaye mradi wake ndio uliokuwa ukisahihishwa. Alikuwepo Bi Mize wa kantini, ambaye hakualikwa na mtu. Na nilikuwepo mimi, Kombo, fundi wa chuo. Watu watano tuliingia chumba cha seva. Wanne wametoka na nyuso zao.

Wangu nimeuacha mle mle.

Jamani, nimekaa kwenye ngazi za chuo nawaandikia. Chai nimepewa, siwezi kuinywa. Kikombe kinagonga sahani kama mlango usio na komeo.

Wengi humu kundini mnanijua. Wazee wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha skuli, nikaenda bandarini kubeba mizigo, ili wadogo zangu, Hamad na Raya, wasome. Hamad sasa ana duka lake Konde, alhamdulillahi. Raya ndiye wa mwisho, na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho ya mtihani. Akipita leo, kazi niliyoachiwa na wazee imekwisha. Usiku kucha sikupata usingizi. (Yeye alilala fofofo.)

Mradi wake ni sauti. Amezunguka vijijini akawarekodi wazee wakizungumza Kipemba cha zamani, maneno ambayo vijana wa sasa wakiyasikia wanauliza ni lugha gani. Katika wazee hao yumo bibi yetu, aliyefariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Sauti zote zimehifadhiwa kwenye kabati la diski la chuo.

Na nyaya za kabati lile kazifunga nani? Mimi!

Nieleze kidogo, wasiojua wasipotee. Kabati la diski ni sanduku la chuma lililojaa diski. Seva, yaani ile kompyuta kubwa, hulisoma sanduku kwa waya. Waya ukifa, seva haioni kitu, hata kama diski zote ni nzima. Kwa hiyo huwekwa nyaya mbili, njia mbili. Mmoja ukifa, mwengine unaendelea na kazi. Nyuma ya sanduku kuna vichwa viwili vinavyoziendesha diski, cha juu na cha chini, na kila kichwa kina matundu yake ya nyaya.

Vikumbukeni hivyo vichwa. (Mimi sikuvikumbuka.)

Nyaya zote mbili nilizichomeka kichwa cha juu. Zilikaa sambamba, nikazifunga pamoja kwa vikamba vya plastiki, zikalala kama nywele za bi harusi. Mmoja nikauandika Hamad, wa pili Raya. Kioo cha seva kikaonyesha njia mbili, zote hai. Nikaona uzuri wake mpaka nikapiga picha. Ndivyo nilivyozoea tangu wakiwa wadogo: mkono mmoja nimebeba kapu la sokoni, mkono wa pili nimewashika wote wawili, wasiachane barabarani.

Wiki iliyopita Raya aliniuliza, "Kaka, nizikopi sauti za Bibi kwenye flashi?"

Nikamjibu, "Flashi ya nini? Hapa pana njia mbili, mdogo wangu."

(Maneno hayo naomba mtu ayachimbie kaburi.)

Basi. Asubuhi mtihani ukaanza. Raya kasimama mbele ya kompyuta, buibui limepigwa pasi, sauti haitetemeki. Mimi nimesimama pembeni kama mzazi wa maulidi ambaye mwanawe ndiye anayesoma. Injinia Thabit akamwambia, "Hebu tusikilize sauti moja." Raya akachagua ya Bibi. Akabonyeza.

Bibi akaingia chumbani.

"Pweza sharti umponde," akasema, na kile kikohozi chake kidogo. "Hata awe mdogo vipi, umponde."

Nilishika ukuta. Mwalimu Shaame akavua miwani akaipangusa. Bi Mize, aliyekuja na chai kisha akasahau kuondoka, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Kizee huyo. Mwenyewe kabisa." Injinia alikuwa akimwomba Raya amfafanulie kila neno la pili, maana Kipemba cha Bibi hakikumngoja mtu wa Unguja.

Akaridhika. Kisha akauliza, "Na mtambo ukiharibika, sauti hizi zitapatikana?"

Swali aliulizwa Raya. Mtihani ni wa Raya. Aliyejibu ni nani?

"Injinia, hapo usiwe na wasiwasi," nikasema, nikajitokeza mbele. "Hii ni kama nyumba. Kuna mlango wa mbele na mlango wa uani. Barazani pakijaa wageni, watu wa ndani wanapita uani."

"Au kama vyama," akadakia Bi Mize. "Hiki kikikuudhi, unahamia kile."

"Bi Mize," akasema Mwalimu Shaame, "vyama tuliviacha getini."

"Haya, Mwalimu. Nimesema tu."

Raya akanivuta shati. "Kaka, niachie nijibu."

"Ngoja nimuonyeshe kwanza," nikasema. (Astaghfirullah!) Nikazunguka nyuma ya sanduku, nikaushika waya wa Hamad, nikauchomoa mbele ya macho yao na kuuinua juu kama mtu aliyevua samaki.

Bibi akaendelea kuzungumza. Wala hakukohoa!

Bi Mize akapiga kigelegele. Mwalimu Shaame akasema, "Mashaallah, Kombo." Injinia akatikisa kichwa kwa kukubali. Na mimi, mtu niliyeacha skuli kidato cha pili, nikajiona nimekwenda chuo kikuu na kurudi. Nikaurudisha waya mahali pake. Mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nawaandikia kisa kingine.

Injinia akaja nyuma, akainama, akatazama. Akatazama tena.

"Waya nimeuona," akasema. "Na kichwa kikifa je? Tuseme hiki cha juu nikizime."

Raya alishtuka. Nilimuona. Alikuwa amekuja kuchungulia begani kwa Injinia, akaziona nyaya zangu zilivyolala, akafungua mdomo. "Injinia, samahani, kabla hujazima..."

"Mwache azime!" nikasema.

"Kaka..."

"Zima unachotaka, Injinia! Sauti hii haikatiki."

"Hee," akasema Bi Mize, "una uhakika weye?"

Sasa hapa lazima niwaambie jambo. Bi Mize ana mikarafuu mitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Msimu umeshika, karafuu zimeiva, na wachumaji hawapati. Kila anayekwenda kunywa chai kantini anasikia habari za mikarafuu ile. Na chuo kizima kinajua jambo jengine: mimi naogopa kupanda juu. Hata nikibadilisha taa darasani, lazima mtu ashike ngazi. (Watu wawili, kama wapo.)

Nikainua kidole. Nikasema, "Wallahi, Bi Mize, sauti hii ikikatika, mikarafuu yako yote mitatu naichuma mimi peke yangu, mpaka kileleni!"

"Mashahidi mpo?" akauliza Bi Mize, haraka kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Tupo," akasema Mwalimu Shaame.

Injinia akazima kichwa cha juu.

Na Bibi akaendelea! "Umponde, umponde, mpaka mikono ikwambie basi..." Nikafungua mikono yangu yote miwili. Nikamgeukia kila mmoja. Nikasema, "Si niliwaambia?" Nikaanza na kucheka. (Baadaye nimeelezwa kwamba kompyuta ilikuwa imeshavuta kipande cha mbele kidogo, na ndicho kilichokuwa kikimalizikia.)

"...ukisha kumponda," akasema Bibi, "kisha umti"

Kimya.

Kimya, jamani. Kioo kikawa cheupe. Kisha kikawa cheusi. Kikaandika mistari ambayo sijapata kuiona. Feni za seva tu ndizo zilizobaki zikivuma, na mimi nimebaki na mikono imefunguliwa vile vile, kama mtu wa kutundikia nguo.

"Umtie nini?" akauliza Bi Mize.



Siku ile Bibi alipofariki nilikuwa karibu naye, nikasikia pumzi yake ilivyokatika. Leo nimemsikia akikatika mara ya pili, na safari hii ni mkono wangu. Na flashi haipo. Na aliyesema flashi ya nini ni mimi. Nikatafuta pa kukaa, pakawa hapana. Nikakaa kwenye boksi la karatasi za printa, likabonyea, nikaenda nalo mpaka sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Injinia Thabit akatoa kalamu. "Raya," akasema, "nini kimetokea?"

Raya akanitazama pale chini. Kisha akasema, "Labda ni umeme, Injinia. Sina hakika."

Injinia akaandika.

Ndugu zangu, mimi namjua mdogo wangu. Nimemlea. Raya akiwa hajui jambo hukunja uso, na leo hakukunja. Alikuwa anajua! Alikuwa anajua tangu alipochungulia, na alikuwa anazitupa alama zake mwenyewe ili mimi nisiumbuke mbele ya mkuu wangu wa kazi. Miaka yote ile ya bandarini inakwenda kuishia kwenye "sina hakika", kwa ajili ya kufunika kiburi changu.

Nikasema kutoka pale sakafuni, "Raya. Sema."

"Kaka, basi."

"Mtihani ni wako, si wangu. Sema kweli, na usinibakishie kitu."

Akavuta pumzi. Akasema, na hakunibakishia kitu.

"Nyaya ni mbili, lakini zote zimechomekwa kichwa kimoja. Seva inahesabu nyaya, ikaona mbili, ikasema njia ni mbili. Waya mmoja ukikatika, sawa, wa pili upo. Lakini kichwa kikizimwa, zote mbili hazina pa kwenda. Kichwa cha chini ni kizima, na diski ni nzima, ila hakina waya hata mmoja. Mmoja ulitakiwa uchomekwe chini."

"Aliyefunga alikosea wapi?" akauliza Injinia. (Kwa nini, Injinia? Nilikukosea nini?)

"Alizifunga pamoja," akasema Raya, polepole, "kwa sababu hapendi kuona viwili vinaachana."

Mwalimu Shaame akapangusa miwani tena. Mimi nikatazama sakafu, nikaisoma yote.

Kisha Raya akakata vikamba vyangu vyote kwa mkasi. Waya wa Hamad akauacha juu. Waya ulioandikwa jina lake akauteremsha chini, ukakaa mshazari, hauna uzuri wowote. Akawasha. Tukangoja seva iamke. Nilisoma kila dua ninayoijua na mbili ambazo sina hakika nazo.

Akabonyeza.

"Pweza sharti umponde," akasema Bibi.

Sikujua kama nalia mpaka Bi Mize aliponipa kitambaa cha kupangusia vikombe. Injinia hakutupa nafasi ya kufurahi. Alikwenda nyuma, akakizima kichwa cha juu tena. Nikaziba masikio. Nikayazibua. Bibi alikuwa bado anaponda. Tukasubiri sote bila kupumua, mpaka akafika.

"...kisha umtie tui zito, na ndimu."

"Nilijua!" akasema Bi Mize. "Watu wananibishia ndimu!"

Injinia akafunga kalamu yake. "Binti huyu amepita," akamwambia Mwalimu. "Na mtambo kuzimika leo kumemfaa zaidi kuliko kuzimika kesho, mimi sipo." Akanipa mkono kuniinua kutoka kwenye boksi. Mkono wangu ulikuwa na jasho. Akajipangusa kwenye suruali, kwa adabu.

Nikadhani yamekwisha. Raya amepita, Bibi amerudi, wazee wetu huko waliko wamepumzika. Nikaanza kutafuta mlango.

"Kombo, mwanangu," akaita Bi Mize. "Na mikarafuu yangu?"

Nikamgeukia Mwalimu Shaame kwa macho ya kuomba. Yeye ni mtu wa dini. Akafikiri, akasema kiapo kina kafara yake: mtu hulisha maskini kumi, na akikosa uwezo hufunga siku tatu. Nikaruka! Kufunga naweza, nafunga hata kesho!

"Kafara ni ya mtu aliyeshindwa," akasema Bi Mize. "Weye umeshindwa nini? Miguu huna?"

Mwalimu Shaame akasema hapo kuna hoja.

"Na nikufunze kabisa," akaendelea Bi Mize, huku akikusanya vikombe vyake. "Marehemu alikuwa akisema, mkarafuu una matawi mepesi. Mkono huu tawi hili, mkono huu tawi jengine. Usishike tawi moja kwa mikono yote miwili. Likikatika, unakuja nalo mpaka chini."

Raya ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye boksi langu.

Sijafika hata getini, simu ikalia. Hamad, kutoka Konde. Sijui nani kamwambia. Pemba habari haipandi gari. "Kaka," akasema, "hongera ya Raya. Nasikia unatafuta ngazi?"

Nimeizima simu, nimeiwasha tena kuwaandikia nyinyi. Raya nimemaliza kumsomesha, deni la wazee nimelilipa. La Bi Mize liko vile vile: mikarafuu mitatu, yote mirefu, na Jumamosi asubuhi ameniambia nije bila kuchelewa. Atakayekuja kushika ngazi namkaribisha. Atakayekuja kutazama tu, tafadhali, acheke kwa upande wa pili wa shamba.