Kitufe cha Kukataa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya tano sasa binti yangu Danielle yuko Gitega na mama yake, Léoncie, aliyehamishiwa huko na wizara. Mimi nimebaki hapa Kanyosha na brashi zangu, naandika vibao vya maduka. Simu za Danielle tangu ahame: mbili! Mtoto ndiye humpigia mzazi kumsalimu, kwa hiyo mimi sipigi. Nina heshima yangu. Jirani Sylvère hupigiwa na bintiye kila jioni, na huongelea uani makusudi ili nisikie.

Jumanne, 4 Machi
Bahati! Ile tovuti ya watoto anayochorea Danielle haionyeshi mchoro wowote mpaka mzazi akubali. Usalama. Na mzazi aliyeandikishwa ni mimi, tangu alipokuwa hapa! Leo umeingia mchoro wa ng'ombe. Mzuri mno, nimemtazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikapata wazo: nikikataa, atapiga kulalamika. Nimekataa. Tovuti ikauliza sababu. Nikaandika: miguu mitatu. Wa nne umejificha nyuma ya ndoo, najua.

Jumatano, 5 Machi
Hakupiga. Ameleta ng'ombe mwenye miguu mitano. Kichwa kigumu, damu yangu kabisa. Nimekataa: mkia mfupi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkia umezunguka ukurasa mara mbili! Nimecheka peke yangu, halafu nyumba ikanyamaza tena. Nimemkumbuka sana. Nimekataa: pembe zimepinda. Sylvère akauliza, kwa sauti ya huruma, kama mtandao wa Gitega ni mbovu. Nikamwambia ni mbovu kweli.

Jumapili, 9 Machi
AMEPIGA! Kwa hasira. "Papa, we unakataa juu ya nini?" Nikatoka mbio hadi uani, nikapandisha sauti ili Sylvère asikie. Sylvère alikuwa kanisani. Danielle akasema tovuti ilikuwa na maonyesho ya wanyama, mwisho wa kupokea michoro ulikuwa jana, na ng'ombe wake amebaki nje. Akalia. Furaha yote ikanitoka. Nikamwomba msamaha, mimi baba mtu, nikaapa kukubali kila kitu. Léoncie akachukua simu, akauliza kwa nini nisimwambie tu mtoto kwamba nimemkumbuka. Nikajibu kwamba laini inakatika.

Jumatano, 12 Machi
Nimekubali paka. Nimekubali mashua. Nimekubali kiboko mwenye miwani. Papo hapo, bila neno. Simu: hakuna.

Jumamosi, 15 Machi
Mchoro mpya. Mwanamume ameketi uani, brashi nyuma ya sikio, simu mapajani. Chini ameandika: Papa anangoja. Hata kiraka cha suruali yangu kipo mahali pake. Nimelia. Mimi ni fundi, na sijawahi kuona kazi nzuri kama hii.

Nimekataa. Sababu: shati halina vifungo.

Simu imejaa chaji. Nimeketi uani.